Waride Amevuta Ngazi

Pikipiki ya Nasibu ilikuwa na kikohozi chake, na Waride, mkewe, aliijua hata ikiwa bado iko nyuma ya mashamba ya watu. Siku ile aliisikia inakuja polepole, kwa adabu, bila mbio wala honi. Pikipiki ikija hivyo ujue nyuma kakaa mtu mzima.

"Wanakuja," alisema.

"Mama huyo!" Mshamu akaruka.

Mshamu alikuwa na miaka minne na miezi yake, mwakani anaanza darasa la awali, na mdomo wake haukuwa na mlango. Ndiye aliyetoa siri. Ijumaa alizungumza na bibi yake kwenye simu ya baba, kisha akaja kukaa mbele ya uji akasema, "Jumatatu mama anakuja kumchukua Habiba, akamwachishe ziwa Mahege." Nasibu alikuwa hapo hapo anafunga kamba za viatu aende Kibiti kwenye bodaboda yake. Hakuinua uso. Alifunga viatu vile mpaka uji ukapoa.

Mama anayetajwa na Mshamu si Waride. Ni Bi Mwanahawa, mama yake Nasibu, anayekaa kijiji cha Mahege. Kwao mtoto akikaribia miaka miwili hupelekwa kwa bibi mzaa baba akaachishwe ziwa huko, asimwone mama yake wala asisikie harufu yake, mpaka asahau. Mshamu alipelekwa hivyo. Walisema mwezi mmoja. Mara mvua, barabara imekatika. Mara mtoto ana mafua. Mara mtoto kazoea, mwacheni kidogo. Mwaka ukapita na ushei. Aliporudi nyumbani Mtunda alikuwa mnene, anajua kunawa kabla ya kula, na alimwamkia Waride kama anavyoamkiwa jirani. Kumwita akamwita Waride, maana ndivyo alivyosikia kule. Bibi ndiye aliyekuwa mama. Mpaka leo.

Waride hakulia mbele ya mtu. Kuitika aliitika. Lakini kila akiitwa "Waride" na kile kisauti, kitu kilimchoma chini ya mbavu.

Aliyebaki kumwita mama duniani ni Habiba peke yake. Ana mwaka na miezi minane, na maneno sita: mama, maji, kuku, twende, hapana, na lingine ambalo hakuna aliyewahi kulielewa. Hapana alilitumia kuliko hayo mengine yote.

Walikuwa wamehamia dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, kama kila familia ya bondeni inavyofanya suke likianza kujaa. Mchana unaamia ndege wasile mpunga, usiku unasikiliza nguruwe. Dungu lile Nasibu alilijenga mwenyewe, na alilijenga vizuri. Kila nguzo kaivisha bati kiunoni ili panya asipande. Ngazi hakuipigilia misumari, aliiacha huru. "Mama Mshamu," alimwambia mkewe, "mimi nikiwa Kibiti usikae na watoto ngazi iko chini. Nguruwe, kiboko, mtu, yeyote usiyemtaka, wewe vuta ngazi." Alimfundisha mara tatu, namna ya kushika na namna ya kuvuta.

Waride akaangalia vumbi la pikipiki linavyosogea. Akamfunga Habiba kanga kiunoni, ncha ya pili kwenye nguzo ya katikati, asije akaanguka. Kisha akainama, akashika namna alivyofundishwa, akavuta.

Nasibu alizima pikipiki akatazama juu. "Mbona ngazi haipo?"

"Ipo. Nimeikalia."

Bi Mwanahawa akashuka taratibu, akajinyoosha mgongo, akajitanda kanga yake ya safari, ile nzuri ya zambarau. Mkononi alikuwa na kifuko cha nailoni.

"Shikamoo mama," alisema Waride.

"Makubwa! Mkaza mwanangu ananiamkia toka juu ya utosi wangu. Shuka uniamkie vizuri."

"Nitashuka ukishaondoka, mama."

"Mama Mshamu, acha utani," alisema Nasibu. "Mama katoka mbali."

"Na atarudi mbali. Bila mtoto, kama alivyokuja."

"Mama, shikamoo!" Mshamu alipiga kelele ukingoni. "Waride kavuta ngazi!"

"Marahaba baba yangu. Nimeona." Bi Mwanahawa akaweka mikono kiunoni. "Kwani nimekuja kuiba, Waride? Mtoto anaachishwa ziwa. Leo si mara ya kwanza duniani. Na mtoto mwenyewe mmeshambemenda. Huyu Nasibu analala hapa mara ngapi kwa wiki?"

Nasibu akageuka kukagua tairi la nyuma, ingawa halikuwa na kasoro.

"Haya, mtazame mtoto. Shingo kama ya kuku wa kienyeji."

Waride akaingia ndani akatoka na kadi ya kliniki. Akaifungua akaishika juu, wote waione. "Kijani, mama. Kila mwezi kijani. Nesi kaweka nukta mwenyewe."

"Mimi sisomi rangi, nasoma mtoto."

"Basi msome toka hapo hapo."

Nasibu akaona hapa lazima mwanamume afanye kitu. Akavua viatu, akakumbatia nguzo, akapanda hatua mbili. Akafika kwenye bati. Mkono ukateleza, mguu ukateleza, akashuka na kifua chote mpaka chini. Akajaribu nguzo ya pili. Bati la pili nalo alilipigilia yeye, kwa mkono wake, na lilikuwa limekaza barabara.

"Baba kawa panya!" Mshamu alicheka mpaka akakaa chini. Habiba naye akacheka, hajui anacheka nini.

"Waride, mkojo," Mshamu akasema ghafla.

"Kojoa hapo pembeni."

Akasimama ukingoni akakojoa. Bi Mwanahawa akaruka pembeni, kanga kaiinua. "Mshamu! Ndivyo nilivyokufundisha mimi?"

"Sasa mama, ngazi haipo."

Nasibu nusura acheke, akajikuta anatazamwa na wanawake wawili, mmoja juu mmoja chini, akameza kicheko chake.

"Sikiliza binti," Bi Mwanahawa akasema, sauti sasa imekuwa kavu. "Mimi sikuanzisha jambo hili. Nasibu huyu naye nilimpeleka kwa mama mkwe wangu. Akaachishwa, akarudi, hakupungua hata kidole."

"Alirudi anakuita nani?"

Bi Mwanahawa akaanza kukung'uta vumbi kwenye kanga yake.

"Kwani nilikuwa namwita nani?" Nasibu akauliza.

Waride akaendelea, na hapo hakupunguza sauti tena. "Mshamu ulinirudishia, mama. Mnene, ana adabu, ahsante. Lakini muulize mimi ni nani yake. Muulize sasa hivi. Huyu wa pili simtoi. Mkitaka leteni mwenyekiti wa kitongoji, leteni shehe, leteni polisi wa Kibiti na gari lao, nitawaamkia wote toka hapa hapa juu. Nina maji, nina unga, nina kambale wa kukausha. Hadi mpunga ukomae nipo."

Mpunga ndio uliokata maneno. Wakati wao wanabishana hakuna aliyeangalia shamba, na kwelea walikuwa wameshajua. Walikuja kama wingu lililotupwa, wakazunguka mara moja, wakatua upande wa mashariki, na mpunga ukaanza kutikisika bila upepo.

"Ndege!" Mshamu akapiga debe. Kutoka juu debe peke yake halitoshi, ndege wa bondeni wameshalizoea. Lazima mtu awe chini, atembee, atupe madongo.

Waride akatazama ngazi. Akatazama shamba. Chakula cha mwaka mzima kile. Makalio yakainuka kidogo juu ya ngazi, yakarudi.

Bi Mwanahawa alimwona. Angeweza kunyamaza akangoja, maana nusu saa tu ya ndege wale ingemshusha mtu yeyote mwenye akili. Lakini mwanamke yule amelima mpunga tangu hajavunja ungo, na macho yake hayakuweza kuvumilia.

"Nasibu, unatazama nini? Nenda huko! Ptuu, mashetani nyie!" Akavua kanga ya juu, akaifunga kiunoni, akaingia kwenye mpunga anarusha madongo kwa mkono wa kulia na kushoto.

"Wamehamia kwenye mkuyu, mama!" Waride akaelekeza toka juu. "Sasa wanarudi, kulia kwako! Kulia, Nasibu, kulia ni wapi?"

"Nimewaona!"

"Hujawaona, hao ni majani!"

Mshamu anapiga debe, Habiba anapiga sufuria kwa mwiko, Bi Mwanahawa anawatukana ndege matusi ambayo mjukuu alikuwa hajawahi kuyasikia Mahege. Saa nzima, na zaidi. Walipoondoka wale ndege, mama mkwe alitoka kwenye mpunga tope magotini, anahema, akaja kukaa kwenye kivuli cha dungu, chini kabisa ya sakafu. Nasibu akabaki mbali, upande wa mashariki, analinda.

Waride akapakua ugali na kambale, akaweka kwenye ndoo pamoja na kibuyu cha maji, akateremsha ndoo kwa kamba.

"Karibu chakula, mama."

Kisha kamba ikalegea. Akasikia mtu ananawa, akasikia mtu anakula. Habiba akalala kifudifudi, akachungulia kwenye upenyo wa miti ya sakafu. "Kuku," akasema.

"Si kuku, ni bibi yako," alisema Waride.

Chakula kilipokwisha sauti ikatoka chini, haina haraka, kama mtu anayezungumza na kibuyu.

"Alikuwa ananiita dada."

Waride akainamia upenyo wa sakafu.

"Nasibu. Alirudi ananiita dada. Mama mkwe akafurahi, akasema ona mtoto anavyonipenda. Mpaka anatiwa jandoni ananiita dada. Watu wananicheka kisimani. Nilisema nitazoea." Akakohoa. "Siku ya kwanza Mshamu aliponiita mama, Waride, sikumkataza. Nilisikia raha. Sikwambii uongo."

Waride alikaa juu ya ngazi yake. Maneno yalimwingia, lakini hakuinuka. Mtu anaweza kukusikitisha na bado akaondoka na mwanao.

"Kwenye kifuko una nini, mama?"

"Shubiri."

"Mtoto haendi Mahege."

"Nimesikia."

"Sema."

"Nisemeje tena? Haendi. Haya. Habiba haendi Mahege."

"Nasibu naye aseme!"

Nasibu aliitwa toka mashariki, akaja, akaambiwa aseme. Akamtazama mama yake kwanza. "Mtazame mkeo," mama yake akamwambia, "ndiye kakuuliza." Akasema Habiba haendi, kwa sauti ya mtu anayekubali kosa la pikipiki yake barabarani, kisha akarudishwa kwenye ndege.

Ndipo ngazi ikashuka. Bi Mwanahawa akapanda polepole, analaani kila kipandio, Mshamu akimpigia makofi. Alipofika juu Waride akapiga goti, akamshika mkono. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Sasa ndiyo naisikia." Akaketi kwenye mkeka, akatoa lile jani nene la kijani, utomvu unadondoka. "Lakini ziwa liachishwe. Miaka miwili hiyo inafika."

"Liachishwe hapa, mbele yangu. Akilikataa mwenyewe, limekwisha, sibishi. Lakini analala hapa, na akiamka ananiona mimi. Na wewe ukitaka kaa. Kaa mpaka tuvune. Sikufukuzi."

"Nikae juu ya miti kama kima?"

"Kaa kama kima."

Bi Mwanahawa akaguna. Waride akachukua jani akajipaka mwenyewe, kulia na kushoto, akakaa akangoja. Alikuwa ameahidi, na ahadi angeitimiza.

Habiba akaja mbio mpaka kanga ya kiunoni ikamkaba. Akafunguliwa. Akapanda mapajani, akafunua, akatia mdomo. Uso wote ukajikunja ukawa wa bibi kizee. Akatoa ulimi nje, akautazama. Akamtazama mama yake, akamtazama bibi yake, akaliona jani.

"Hapana," akasema.

"Unaona?" alisema Bi Mwanahawa. "Amelikataa."

Habiba akateremka. Akamfuata bibi yake, akashika pindo la ile kanga nzuri ya zambarau, akalivuta mpaka kwa mama yake. Akafuta upande wa kulia. Akakagua. Akafuta tena. Akafuta wa kushoto, anaguna kama fundi kazini. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akafuta mara ya tatu. Kisha akapanda, akalala zake, akanyonya, jicho moja limemkazia bibi yake, kidole cha mguu kinachezacheza. Akaachia kidogo, akasema, "Mama," akaendelea.

Bi Mwanahawa alitazama kanga yake, doa la shubiri limeenea pindo zima.

"Huyu mtoto wa nani huyu?"

"Wangu," alisema Waride.

Mshamu alikuwa keshajilaza pembeni, kichwa kwenye paja la bibi. "Waride," akasema, "mama akilala kwenye mkeka wangu, mimi nalala wapi?"

"Katikati," alisema Waride.

Chini mtu akagonga nguzo. "Mama Mshamu! Ndege hawarudi tena. Teremsha ngazi, nina njaa."

Kumbe ngazi ilikuwa imeshavutwa tena. Waride aliivuta bila kufikiri, kama alivyofundishwa. Akashika kipandio cha juu, akamwangalia mama mkwe wake.

"Bado," alisema Bi Mwanahawa, anasugua doa lake. "Mwache apige debe kidogo."