Mizizi Chini ya Ukuta

Dada yangu aliniomba mara tatu niukate mkaratusi ulio kati ya chumba cha mama na ukuta wa ua. Mara tatu niligonga shina kwa mgongo wa panga, nikasikiliza, nikamwambia ni mzima. Miaka ishirini nakata miti. Mtu asiyejua hata kunoa panga asinifundishe kazi. Ndivyo nilivyo, nina kichwa kigumu, na mwaka huu kimeniponza.

Mchana ule wingu jeusi lilitanda, upepo ukaanza kuvuma kutoka upande wa ukuta. Nilikuwa sebuleni kwa dada, anakoishi na mama, nakunywa chai. Shemeji, mume wa dada na fundi mwashi, alikuwa akijisifia ukuta wake mpya.

"Msingi ulinitoa jasho, shem. Mizizi minene kama paja langu! Nikaikata yote, nikamwaga zege juu."

Nikaweka kikombe chini. "Mizizi ya upande wa ukutani?"

"Sasa ya upande gani tena?"

Mizizi ile ndiyo iliyokuwa ikiushikilia mti usiangukie chumba cha mama upepo ukija. Mimi niligonga shina tu, sikuinama hata mara moja kutazama chini. Nikatoka mbio. Zege kati ya shina na ukuta lilikuwa limepasuka, na kila upepo ulipovuma lilinyanyuka, kisha likashuka taratibu.

Mama hatembei tangu apooze miguu. Nilimkuta kitandani anakunja shuka.

"Mama, tunatoka. Mti unaanguka!"

"Acha utani. Si wewe uliyesema ni mzima?" Akacheka, akashika ubao wa kitanda kwa mikono yote miwili. "Dada yako mwoga, naona amekuambukiza. Wewe fundi wangu wa miti ukishasema, mimi nalala usingizi."

Nikamvuta, akang'ang'ania. Huko nje kitu kikakatika ardhini, kwa kishindo kizito. Dada alisimama mlangoni analia.

"Mwambie, kaka! Mwambie ukweli!"

Maneno yale sikuwahi kumwambia mtu. Yalinitoka kwa shida, na niliona aibu kama mtoto.

"Nilikosea, mama. Sikuangalia mizizi. Nilikosea."

Kicheko kikamwisha. Akaachia ubao, akanikumbatia shingo, nikamwinua. Alikuwa mwepesi mno, nikaumia moyoni. Tulikuwa tumebakiza hatua mbili kuufikia mlango, chumba kikaingia giza ghafla. Nikageuza kichwa. Dirisha lote lilikuwa limejaa majani.