Mchezo wa Choo Hauna Msamaha

Siku ya kumkumbuka marehemu mke wangu, watu wa redio walituketisha mstari wa mbele, mimi na binti yangu. Jukwaani walipangwa waandishi na waigizaji wa redio, wanaulizwa kazi yao wanaifanyaje. Mchekeshaji mmoja akasema mawazo humjia alfajiri, akitazama maua bustanini. Ukumbi ukampigia makofi. Maua! Miaka kumi na mmoja mtu yule amesoma maneno aliyoyaandika mke wangu kwenye meza ya jikoni, sufuria inafoka, mimi nimelala chini ya sinki nagonga bomba. Mke wangu akimaliza ukurasa ananisomea. Nisipocheka, anaukata.

"Baba, kunjua uso, wanapiga picha," binti yangu akaninong'oneza.

"Wapige. Ndio huu huu nilionao."

Akasimama mkuu wa redio, koti limembana tumbo. Marehemu, akasema, alikuwa mama wa kituo chetu. Wodini alikaa miezi miwili, na watoto wake hao wa kituo sikumwona hata mmoja. Na huyu mkuu ndiye aliyekuwa akimrudishia kila mchezo umejaa wino mwekundu: bosi asionekane mwizi, daktari asionekane mlevi, mwisho wote wasameheane. Mke wangu akifika nyumbani anatupa mkoba kitandani. "Leo nimewasamehe tena," ananiambia, "mpaka vidole vinauma."

Sasa walilitaka daftari lake la mwisho. Ni mchezo wa meneja wa soko aliyekifunga choo cha wauza mboga, akabaki nacho yeye na wageni wake. Mauti yalimkuta mke wangu hajafika mwisho.

"Kamati yetu itaumalizia," mkuu akatangaza. "Mzee wetu, karibu utukabidhi."

Nikapanda, daftari kwapani. Akanyoosha mkono, huku anatazama kamera, si mimi.

"Bwana mkubwa, huyo meneja mtamfanyaje?"

"Hayo tutayaangalia kitaalamu, mzee wangu."

"Mtamsamehe?"

Akacheka kwenye kipaza sauti. "Wasikilizaji wetu wanapenda amani."

"Wasikilizaji wenu wanataka choo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu akalishika daftari, akavuta. Nikavuta na mimi. Mikono ya kukazia mabomba hii, aliachia mwenyewe.

Nikafungua ukurasa wa mwisho. Mimi shule niliishia darasa la nne, nasoma kama mtu anayepapasa gizani akitafuta kiberiti. Nilisoma hivyo hivyo, silabi kwa silabi. Wauza mboga wamekaa chini mbele ya ofisi ya meneja, wameuziba mlango. Muuza nyanya anamwambia, "Ufunguo unao wewe, baba. Sisi tutakaa hapa mpaka na wewe ubanwe."

"Hapo ndipo alipoishia," nikasema.

"Lakini mzee, mchezo haujaisha," mkuu akasema, meno yamebana.

"Umeisha. Kamati yako ikatunge wake."

Akamfanyia ishara fundi mitambo, kipaza sauti kikafa. Ndiyo akili yao wenye vyeo: ukiwashinda kwa maneno, wanakuzima. Binti yangu alikuwa amekwisha simama, mkono mdomoni, sijui analia au anacheka.

Mama mmoja akapaza sauti kutoka viti vya nyuma. "Huku hatukusikia, mzee! Alisemaje muuza nyanya?"

Nikakohoa, nikarudi juu ya ukurasa, nikaanza upya kwa sauti ile ya mafundi tunapoitana darini.