Bei ya Mguu wa Namba Tisa

Saa moja kasorobo asubuhi Revocatus alipanda ngazi za kituo cha treni na kutokea Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla wa Guangzhou, mkate wa mvuke mkononi, simu mfukoni ikiwa imezimwa sauti. Mtaa ulikuwa umeshachangamka zamani. Wachukuzi walikimbiza matoroli yaliyorundikwa marobota ya nguo huku wakipiga kelele za kupishwa, na wasichana wa madukani walisimama juu ya viti vya plastiki wakiinua blauzi na kutaja bei. Siku nyingine Revocatus aliipenda sana saa hii. Leo alitembea taratibu, akitafuta sababu ya kuchelewa, na sababu haikupatikana.

Alikuwa kijana wa Muleba, mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa tatu. Posho ya ufadhili ilimtosha wali mpaka tarehe ishirini. Kuanzia hapo aliishi kwa Kichina chake, akiwatafsiria wafanyabiashara wa Kongo waliokuja Guangzhou kununua nguo. Lakini watu hawakumjua kwa uhandisi wala kwa ukalimani. Walimjua kwa jezi namba tisa ya Maziwa Makuu, timu ya wanafunzi wa Kitanzania, Kirundi na Kikongo, ambayo msimu huu alikuwa ameifungia mabao kumi na moja na kuifikisha fainali ya kombe la wanafunzi wa Kiafrika. Fainali ilikuwa kesho, Jumamosi, dhidi ya Wanigeria, waliolichukua kombe miaka mitatu mfululizo na hawakuwa watu wa kushinda kimyakimya.

Jana jioni alikuwa ameandika kwenye kundi la mashabiki, lenye watu mia nne na kitu:

"Ndugu zangu, keshokutwa sitacheza fainali. Jumanne nina majaribio kwenye klabu ya mji wa jirani, na mguu wangu hauna bima. Naomba mnielewe."

Ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyowaudhi zaidi. Ndani ya dakika tano kundi lilijaa picha za kuku, ishara ya mwoga. Othman, ambaye anasomea udaktari wa falsafa na hapendi watu wasahau, aliandika kwamba katika miaka yake yote ya utafiti hajakutana na ubinafsi wa kiwango hicho. Mwingine alisema yeye aliwahi kucheza akiwa na malaria na akatoa pasi ya bao. Kufikia saa tano usiku Revocatus alikuwa ameitwa msaliti, mwana wa mama, na wakala wa Wanigeria.

Kuhusu mguu, hakuna aliyegusia. Mwaka jana fainali hiyohiyo ilimvunja Humphrey, beki wa kulia, mfupa wa muundi vipande viwili. Hospitali ilitaka yuan elfu sabini na sita. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilisoma fomu yake ikasema mpira wa mtaani si ajali, ni hatari ya kujitakia. Mashabiki walichanga elfu moja mia moja na arobaini, mkungu wa ndizi, na maombi ya siku tatu. Humphrey alirudi Moshi kwa magongo kabla ya kumaliza shahada.

Ndiyo maana Jumatatu Revocatus alikwenda ofisini mapema kuuliza. Mwalimu Liu, mama mpole mwenye mihuri minne mezani, alimweleza vizuri tu. Bima ingelipa kama mechi imeidhinishwa na chuo. Mechi huidhinishwa ikiombewa na chama kilichosajiliwa. Chama husajiliwa kikionyesha kuwa kimeshafanya shughuli zilizoidhinishwa.

"Kwa hiyo tuanzie wapi, mwalimu?" aliuliza Revocatus.

"Anzeni kwa kutocheza," alisema Mwalimu Liu, na hakuwa anatania.

Mteja wake wa leo alikuwa Mama Françoise wa Bukavu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongozea kwaya, miaka ishirini kwenye biashara ya nguo, na kwa bahati mbaya ya Revocatus, mwenyekiti wa mashabiki. Alimsubiri mlangoni pa jengo akiwa amevaa jezi ya Maziwa Makuu. Mgongoni ilisema REVO, na chini yake tisa kubwa ya dhahabu. Kitambaa alikinunua mwenyewe kule soko la vitambaa la Zhongda, akashonesha jezi mia mbili kama hiyo kwa ajili ya kesho.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako nitaiitikia Jumapili," alisema Mama Françoise. "Unajisikia aje? Umepona?"

"Siumwi, mama."

"Ah! Miye nilizani uko mgonjwa. Mtu wa afya anachezaka fainali." Akampa mgongo ili aisome vizuri ile jezi, kisha akatangulia ndani.

Duka lilikuwa ghorofa ya nne, chumba cha mita tatu kwa tatu kilichojaa suruali za jinzi za watoto mpaka darini. Laoban Huang, yaani bosi Huang, alikaa katikati yake mbele ya sinia la chai, akimimina chai ya rangi ya kahawia kwenye vikombe visivyozidi kifuniko cha chupa. Alimjua Mama Françoise miaka tisa. Hawakuwahi kuelewana neno moja bila mkalimani, na waliheshimiana sana.

Biashara ya suruali ilikwisha upesi. Mia nne, yuan ishirini na nane kila moja, jumla elfu kumi na moja na mia mbili. Mama Françoise akatia saini, akanywa kikombe chake kwa funda moja, akatulia kitini.

"Sasa muambie laoban kama leo nimekuja na mwoga."

Mama Françoise alikuwa na sheria moja tu kwa wakalimani wake: kila kinachotoka kinywani mwake kitafsiriwe, hata kikohozi. Précieux, aliyemtangulia Revocatus, alifukuzwa kwa kufupisha.

"Ninakungoja," alisema Mama Françoise.

"Anasema leo amekuja na mwoga," Revocatus alitafsiri, masikio yakimwaka moto.

Laoban Huang akatazama mlangoni. "Yuko wapi?"

"Ni mimi."

Huang akamimina chai nyingine. Aliuliza mwoga wa nini, na Mama Françoise akamwaga yote: kombe, mabao kumi na moja, Wanigeria, jezi mia mbili ambazo sasa angemuuzia nani, na namna watu wazima walivyolia jana usiku kwa kusalitiwa na mtoto waliyemlea wenyewe kwa fufu. Revocatus alitafsiri yote. Alipofika "mtoto asiye na haya" alipitisha harakaharaka. Mama Françoise akamwonyesha kwa kidole arudie, akarudia.

Huang alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Anacheza kwa mshahara?"

"Kwa heshima," alijibu Mama Françoise.

"Heshima mnailipa kila mwezi au mwisho wa msimu?"

Revocatus alitafsiri hilo kwa uangalifu mkubwa. Mama Françoise akakunja uso.

"Na akivunjika," aliendelea Huang, "mguu nani analipa?"

Revocatus akatafsiri. Mama Françoise akamkazia macho.

"Hayo ni maneno yake, ao ni yako?"

"Ni yake, mama."

"Mbona yanafanana na yako?"

"Mama, wallahi ni yake."

"Weye uko mukatoliki, wallahi ya nini?" Akatoa simu, akafungua programu ya kutafsiri, akamsogezea Huang puani na kumfanyia ishara aseme tena. Huang akasema tena. Simu ikatulia kidogo, halafu sauti ya kike ikauliza kwa Kifaransa, kwa upole wa ajabu, mguu utalipwa na nani.

Mama Françoise akairudisha simu mfukoni. "Muambie tutalipa siye wote. Waafrika tuko kitu kimoja."

"Kama tulivyomlipia Humphrey, mama?"

"Hapana kuingiza maneno yako! Tafsiri."

Akatafsiri. Huang akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kumbe biashara ilikuwa inawezekana. Akauliza hospitali za hapa hutoza kiasi gani kwa mguu, na Revocatus akataja kiasi cha mwaka jana, maana alikijua kwa moyo. Huang akavuta kikokotoo, akabonyeza elfu sabini na sita, akakisukuma mezani mpaka mbele ya Mama Françoise.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama Françoise hakuwa na nia mbaya. Lakini kwa miaka ishirini, kila Mchina alipomsukumia kikokotoo, mkono wake ulifanya kitu kilekile kabla kichwa hakijaulizwa. Alibonyeza kufuta, akaandika elfu tatu, akakirudisha.

Huang akacheka kwa kuudhika, kicheko chake cha kila siku. Akaandika elfu sabini.

"Muambie ni mguu moja tu," alisema Mama Françoise, "siyo yote mbili."

"Hiyo ni bei ya mmoja," alisema Huang.

"Na ni kuvunjika. Kuteguka hatulipe."

"Goti je?" Huang aliuliza. "Goti ni ghali peke yake."

"Goti liko ndani ya mguu! Nani anauzaka mguu bila goti?"

Revocatus alitafsiri kwenda na kurudi, na kwa kuwa kazi yake aliiweza, aliifanya vizuri. Hata alimsahihisha Huang pale alipochanganya muundi na paja. Muuzaji wa duka la jirani alikuja na kikombe chake, akasimama kusikiliza, akasema kwa mchezaji mwenye mabao kumi na moja elfu sabini si ghali. Huang akashuka hadi sitini kwa ajili ya urafiki. Mama Françoise akapanda hadi elfu tano, akasema kijana mwenyewe ni mwembamba. Kisha akasimama, akachukua mkoba, akatoka hadi koridoni na kujifanya anaondoka, kama alivyofanya kwa kila suruali tangu aijue Guangzhou. Huang akamwacha afike hatua sita, akamwita. Alirudi, akaketi, akaandika elfu nane.

"Bei ya mwisho," alisema. "Muambie."

Revocatus hakumwambia. Aliangalia ile nane na sufuri zake tatu, akapandwa na hasira, hasira safi ambayo jana usiku, katika matusi yote yale, hakuipata. Akafunika kikokotoo kwa kiganja.

"Bu mai," alimwambia Huang. Akamgeukia Mama Françoise. "Hauuzwi."

Yalikuwa maneno yake mwenyewe, na wote wawili waliyasikia bila kutafsiriwa. Jirani akamaliza chai yake, akarudi dukani kwake. Huang akaanza kusuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Mama Françoise aliondoa kile kiganja taratibu, akaitazama tarakimu. Pembeni palikuwa na risiti ya suruali, elfu kumi na moja na mia mbili, wino bado mbichi. Alisoma moja, akasoma nyingine. Aliona haya, na hakuwa mtu aliyezoea kuona haya, hivyo hakujua auweke wapi uso.

"Twende," alisema. "Gari ya mizigo inaondoka saa sita."

Marobota matatu yangetoka stoo ya Huang alasiri. Moja lilikuwa hapo dukani, kilo arobaini, limefungwa kwa utepe wa plastiki. Revocatus alilikokota hadi kwenye lifti. Mlinzi aliyevaa koti la bluu akanyoosha mkono. Mizigo haipandi lifti baada ya saa mbili bila kadi.

"Kadi inapatikana wapi?"

"Ofisi ya chini."

"Iko wazi?"

"Bado. Watafungua saa nane."

"Soko linafungwa saa saba."

"Ndiyo," alisema mlinzi, bila ubaya wowote.

Wachukuzi wa matoroli hawakuruhusiwa kupanda juu. Zilibaki ngazi, ghorofa nne, zege lililolowa maji ya mtu aliyetoka kupiga deki. Revocatus akachuchumaa, akaliegemeza robota mgongoni, akainuka nalo. Hiyo pia ilikuwa kazi ya mkalimani, ingawa haikuandikwa popote, na alikuwa ameifanya mara nyingi bila yeyote kuwaza juu ya magoti yake. Akashuka ngazi ya kwanza. Akashuka ya pili, kandambili zikateleza, akajizuia kwa bega ukutani.

"Weka chini," alisema Mama Françoise nyuma yake.

"Nimezoea, mama."

"Nimesema weka chini!"

Akaliweka. Mama Françoise akashuka mpaka alipo, akatundika mkoba shingoni, akavua viatu na kuvitia ndani ya jezi, kifuani, ili asiteleze. Simu yake ilikuwa ikilia ujumbe mfululizo. Hakuitazama.

"Kesho nitakuzomea," alisema.

"Najua, mama."

"Nitakuzomea Kiswahili, Kifaransa na Mashi. Watu watashangaa."

"Sawa, mama."

"Na Précieux nitamurudisha kazini juma ijayo. Weye Jumanne utakuwa kule kwa wale watu wako." Akainama, akashika pembe moja ya robota kwa mikono miwili. "Shika uku."

Revocatus alimtazama mama wa miaka hamsini na mitano aliyeinama pekupeku kwenye ngazi zenye maji, amekunja uso tayari kwa uzito.

"Mama, na mgongo wako?"

"Nao hauna bima," alisema Mama Françoise. "Shuka polepole."