Breki Alizofunga Neiva

Kwa miaka thelathini na minne Ivanor Bortolini aliuza dawa pale Caxias do Sul, kusini mwa Brazili, na hakuna mteja aliyewahi kutoka dukani kwake na chupa isiyo yake. Kila lebo aliisoma mara mbili, akiitoa rafuni na akiikabidhi. Vijana wa kaunta walimwigiza kwa siri, wakikunja nyuso na kusogeza miwani puani kama yeye. Yeye alijua, na moyoni alijisifu.

Alipostaafu alinunua gari la spoti la mwaka 1974, milango miwili, bodi ya faibaglasi, injini nyuma, rangi ya njano kama polenta, ugali wa kwao. Lilikuwa zuri kulitazama na zuri zaidi kulisikiliza. Tatizo lilikuwa kusimama. Nyuma lilikuwa na breki za dramu na mbele diski ndogo za enzi zile. Kwenye mteremko mrefu zilipata moto, na pedali ikaanza kuzama kama mguu umekanyaga unga.

"Mimi humo sipandi tena," mkewe Ilse alimwambia, "mpaka lijifunze kusimama."

Basi akaenda kwa Neiva, dada mdogo wa Ilse, fundi breki aliyerithi gereji ya baba yao.

"Leo umekumbuka una shemeji!" Neiva alisema, mikono imejaa grisi. "Kila Jumamosi unanipita na hilo ndizi lako, hata honi hupigi."

"Nimelileta, si hili hapa?"

"Umelileta kwa sababu dada kakutisha. Lisukume ndani."

Kazi ilichukua wiki tatu. Mbele alifunga diski pana zenye matundu ya hewa, nyuma akang'oa dramu na kuweka diski, akabadili mabomba yote, akaweka na silinda kuu kubwa zaidi, maana breki kubwa kwenye silinda ndogo, alisema, utakanyaga mpaka kiatu kitokee barabarani. Gari lile ni zito nyuma na jepesi mbele, kwa hiyo alihangaika siku mbili nzima kupima nguvu ya kila upande, akilikimbiza kwenye uwanja mtupu nyuma ya kiwanda cha jirani na kulisimamisha ghafla, tena na tena, mpaka likasimama limenyooka.

"Sikiliza, shemeji," alimwambia siku ya kumkabidhi gari. "Kilomita mia mbili za mwanzo kanyaga kwa adabu. Mafuta ya breki yatashuka kidogo kwenye kikopo pedi zikianza kulika. Usishtuke, na usiongeze kitu. Niletee mimi."

"Neiva, mimi nimeuza dawa miaka thelathini na minne. Maelekezo nayajua."

"Ya kuwapa wengine, ndiyo."

Jumapili iliyofuata wanachama wa klabu ya magari ya zamani walifika nyumbani kwake kuziona breki hizo. Alceu Zanrosso, mwenyekiti, alifungua buti ya mbele, akainama, akapiga mluzi.

"Mafuta yako chini, bwana. Shemeji yako hakujaza?"

Watu wanane wakageuka kumtazama Ivanor. Angeweza kusema ameambiwa asiguse. Lakini kusema hivyo mbele ya Alceu kungekuwa kama kukiri kwamba gari ni lake na akili ni ya mwanamke. Akaingia stoo huku akiwahubiria kwa sauti namna breki zinavyofanya kazi, akachukua chupa yenye mafuta ya rangi ya asali, akarudi akayamimina mpaka kwenye alama, bila kuacha kuongea. Walivutiwa. Siku hiyohiyo Alceu na wawili wengine walipanga siku za kupeleka magari yao kwa Neiva.

Wiki moja baadaye klabu ilifanya matembezi ya kushuka kwenda mto Caí. Ilse alikubali kupanda. Walipopita kitongoji cha Galópolis, Ivanor alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akasema ni lile lori la mbele. Gari lilikuwa zito, kama mtu amelishika mkia. Kwenye kona ya tatu akakanyaga, pedali ikaenda mpaka chini na gari halikujali. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono, akaliacha likwaruze ukingo wa barabara, na hatimaye likasimama ndani ya kibanda cha mama mmoja muuza jamu, ambaye dakika ile alikuwa ameingia nyumbani kupokea simu.

Jamu ya zabibu ilitapakaa kila mahali. Nyigu walikuja mara moja. Ilse alikaa kwenye nyasi, ameukumbatia mkono wake wa kulia, uso mweupe. Magari ya klabu yalisimama moja moja nyuma yao.

"Si ndizo breki mpya hizi?" Alceu aliuliza.

"Ndizo," Ivanor akajibu. "Za Neiva. Ndiyo kosa la kuamini ndugu."

Gari lilivutwa mpaka gereji kwa Neiva. Kabla ya jua kuzama, Alceu alikuwa ameandika kwenye kundi la simu, kwa lugha ya upole, kwamba anaahirisha kupeleka gari lake kwa Neiva, na wale wawili wakamfuata.

Jumatatu asubuhi Ivanor aliingia stoo kutafuta ufagio. Chupa ilikuwa palepale alipoiacha. Akaichukua, akaisogeza mbali na uso, akasoma lebo. Mafuta ya usukani. Alikuwa ameyanunua mwenyewe kwa ajili ya gari dogo la Ilse. Na chini, kwa herufi ndogo: yasitiwe kwenye breki kamwe. Akaisoma mara ya pili, kwa mazoea. Akaisukuma chupa nyuma ya makopo ya rangi na kufunga mlango taratibu, kama mwizi.

Jioni Neiva alikuja na sufuria ya supu ya kapeleti, tambi ndogo zilizojazwa nyama. Gari alikuwa bado hajalifungua. Aliogopa, alisema, kuona alichokosea. Alisimama katikati ya sebule akitazama mkono wa dada yake uliofungwa plasta.

"Shemeji, nisamehe. Usiku kucha nimekuwa nikirudia kila nati kichwani. Sijui ni wapi. Nisamehe."

Hapo ndipo pa kusema. Alifungua mdomo.

"Yamepita, Neiva," alisema. "Kila mtu hukosea."

Neiva akalia. Alipoondoka, Ilse alimshika mumewe mkono kwa mkono wake mzima. "Umemsamehe vizuri," alisema. "Wengine wangemtukana."

Ivanor alienda chooni akakaa humo muda mrefu, bomba la maji likiwa wazi.

Siku zilizofuata alimkatia Ilse nyama, akamfunga vifungo vya blauzi, akamchana nywele, na kila mara Ilse alisema asante. Kila asante ilimchoma. Ijumaa hakuweza kuvumilia tena. Aliitia chupa kwenye mfuko wa mkate akaenda gereji.

Neiva alikuwa ameinamia meza. Mbele yake silinda kuu ilikuwa imefunguliwa, raba zake zimevimba kama maharage yaliyolala majini. Ivanor aliweka chupa kando yake.

"Ni mimi."

"Najua," Neiva akasema bila kuinua kichwa. "Tangu Jumatano. Nilinusa tu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri." Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Nilikuomba msamaha, Ivanor. Na wewe ukanipa."

Hakumwita shemeji. Ivanor alitamani sakafu ipasuke.

"Nifanye nini?"

"Uliyasema barabarani mbele ya watu. Kuniambia mimi mtu mmoja kutasaidia nini?"

Alianza na mkewe, usiku uleule, mezani. Ilse alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kulala. Asubuhi Ivanor aliponyoosha mkono kumfungia vifungo, akarudi nyuma hatua moja.

"Acha. Nitafunga mwenyewe."

Ilimchukua robo saa, kwa mkono mmoja, wa kushoto, akiwa amempa mgongo.

Jumapili kwenye chakula cha klabu, kuku wa kuchoma wakipita meza hadi meza, Ivanor alisimama akasema yote: mafuta gani, chupa ipi, nani alimimina, na kwamba Neiva alikuwa amemkataza. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hakujiandaa kwa kicheko.

"Mfamasia!" Alceu alipaza sauti, akijipiga paja. "Mfamasia kachanganya dawa!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Naye akabaki amesimama, leso ya mezani mkononi, mpaka walipochoka. Wale wawili walirudi kwa Neiva wiki hiyohiyo. Alceu alikuwa ameshapeleka gari lake kwa fundi mwingine, na huko likabaki.

Baada ya hapo Ivanor hakuweza kunyamaza. Alimsimulia kinyozi, akamsimulia muuza mkate, akamsimulia padri nje ya kanisa, ambaye hata gari hakuwa nalo. Neiva alibadilisha kila raba, akasafisha mabomba yote, na mwezi uliofuata akamwita aje kulichukua.

"Nimesikia mpaka kinyozi anajua," alimwambia akimpa funguo.

"Nataka kila mtu ajue haikuwa wewe."

"Ulipowaambia wale wa klabu, ulinisaidia. Kwa kinyozi unatafuta pole. Basi, inatosha. Nyamaza sasa, uishi nayo."

Alitaka kusema kwamba amekosea tena, akagundua kuwa hilo nalo lingekuwa kutafuta pole. Akainamisha kichwa, akaingia garini. Kwenye taa za barabara kuu alikanyaga breki kwa adabu, na gari likasimama limenyooka, kimya, kama Neiva alivyolifanya tangu siku ya kwanza. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Ilse alikuwa amesema kuanzia sasa yeye atakwenda kwa miguu.