Shati la Fidencio

Ofelia Arriaga alikuwa mchapaji picha mashariki mwa Los Angeles, miaka ile vita vya Vietnam vilipokuwa vikimeza vijana wa mtaa. Wenzake karakanani walichonga picha kwenye mbao, wakazipaka wino na kuzichapa. Yeye mbao zilikwisha kumchosha. Alipaka wino vitu vyenyewe, magunia ya pilipili, maganda ya mahindi, vipande vya tairi, akaviwekea karatasi juu na kuvipitisha kwenye mashine. Vingi vilitoka uchafu mtupu.

Siku moja akaja na shati la kazi la buluu.

"Hapa si kwa dobi, dada," Rogelio, mwenzake, akamtania.

"La Fidencio."

Rogelio akaacha kucheka. Fidencio alikuwa mdogo wake Ofelia. Alirudishwa kutoka vitani ndani ya sanduku ambalo hawakuruhusiwa kulifungua.

"Mama anajua?"

"Ataiona picha ikishakuwa tayari."

Akakata vifungo visije vikatoboa karatasi, akalipaka shati wino mweusi kuanzia kola hadi pindo, kisha yeye na Rogelio wakazungusha gurudumu la mashine. Picha ilitoka na kila uzi wake, na kiraka cha kiwiko, na mikunjo ya mikono. Ofelia hakuwahi kuchapa kitu kizuri namna ile.

Jioni akaitandaza mezani nyumbani. Mama yake, Doña Eustolia, alikuwa akikanda unga wa mahindi. Akafuta mikono, akaitazama kwa muda.

"Nzuri," alisema. "Shati liko wapi?"

"Ndilo hilo, Mama. Sasa halitachakaa tena."

"Nimekuuliza shati."

Ofelia akalitoa kwenye mfuko, limekakamaa kwa wino, linanuka mafuta ya taa.

"Ulilinusa kabla hujalipaka?"

"Hapana, Mama."

"Mimi nilikuwa nalinusa kila asubuhi. Ndiyo maana sikulifua." Akaurudia unga wake. "Umenizikia mwanangu mara ya pili, na hata kuniita hukuniita."

Picha ilisifiwa sana. Jumba moja la sanaa likaitundika, na watu ambao hawakumjua Fidencio wakasimama mbele yake wakilia. Doña Eustolia hakwenda kuitazama. Alifunga mizigo, akahamia Fresno kwa dada yake.

Ofelia humpigia simu kila Jumapili mchana. Anayepokea ni mama mkubwa.

"Mama yako amelala," humwambia, na nyuma ya sauti hiyo Ofelia humsikia mama yake akiuliza nani amehamisha chumvi.