Icyansi cha Mama Ndani ya Kioo

Musée ya watoto, yaani makumbusho, ilifunguliwa Mushaki siku ya Ijumaa jioni, na familia za wafugaji ziliombwa zije na watoto wao kuona ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe. Watu walioamka saa kumi na moja kukamua waliitwa tena jioni kuonyeshwa ng'ombe wa simenti.

Kayitesi hakumfuata huyo ng'ombe. Alikuja kuchukua icyansi, chombo cha mti cha maziwa alichoachiwa na marehemu mama yake. Baba yake, Papa Rugamba, alikiazimisha watu wa musée bila kumuuliza, kwa sababu walimwita "Monsieur le Président ya Wafugaji", naye kifua kikamjaa. Na Jumapili wakwe walikuwa wanakuja kumposa Kayitesi. Kwao, maziwa ya kwanza ya wakwe hutiwa ndani ya chombo cha mama wa bibi arusi, si ndani ya kikombe cha plastiki.

"Watoto, hapa mutajifunza kukamua," alisema Benoît, guide aliyetoka Goma na badge pana kama sahani. Akavuta chuchu za mpira, maji yakatoka.

Alliance, mdogo wake Kayitesi wa miaka saba, alificha mikono mgongoni. "Ndama yake iko wapi?"

"Hii haina lazima ya ndama, chérie."

"Sasa inatoaka maziwa ya kunywesha nani?"

Wamama wakacheka ndani ya vitenge vyao.

Icyansi kilikuwa ndani ya sanduku la kioo, kinang'aa kama kiatu cha misa.

"Kilikuwa kinanuka moshi," Benoît akaeleza, kama mtu anayengoja kushukuriwa. "Tukakiosha na savon mara tatu, tukapakala verni, rangi ya kung'arisha mbao."

Moshi ule ulikuwa wa majani ambayo mama yake Kayitesi alikifukizia miaka yote, ili maziwa yabaki matamu. Sabuni haikuwahi kukigusa.

Kayitesi hakubishana. Aliomba kioo kifunguliwe, kikafunguliwa. Akachukua bidon ya maziwa waliyoagizwa kuleta kwa ajili ya cocktail ya ufunguzi, akayatia ndani ya icyansi hadi nusu, akamnyooshea Benoît kwa mikono miwili, ameinama kidogo, vile anavyopewa mtu wa heshima.

"Kunywa, Monsieur Benoît. Wewe ndiyo mugeni wetu."

Benoît alikipeleka mdomoni, pua ikatangulia kufika. Akarudisha kichwa.

"Inanuka rangi," alisema polepole.

"Eh," Kayitesi akajibu. "Sasa uje Jumapili, uwaelezee bakwe."

Papa Rugamba, aliyekuwa anapiga makofi tangu mlangoni, alisogea akanusa. Mikono ikashuka.

"Nitaenda kwa shangazi yako Béata," akasema. "Nitamuomba icyansi chake, yeye asimame pahali pa mama yako."

"Hamusemeshane tangu mwaka jana."

"Nitapiga magoti."

"Basi twende sasa hivi, Président, kabla hajalala."

Kayitesi akamshika Alliance mkono, wakatoka na baba yao. Benoît akabaki na icyansi mikononi, maziwa nusu, hajui pa kukiweka.