Mkono wa Bi Vica

Simu ya fundi matairi wa jirani haikuwa na salamu. "Nereida, wale watu wa uhamiaji wako kwangu, wanauliza pa kula. Mtoe mama dirishani."

Nereida akageuka. Pale dirishani mwa mgahawa wao, mbele ya macho ya barabara nzima, mama yake Eduviges alikuwa akisukuma tortila, chapati nyembamba za ngano, na kuzitupia kwenye bamba la moto, kama alivyofanya kila asubuhi tangu Nereida akiwa tumboni. Mtaa wote ule wa jiji la San Antonio ulimwita Bi Vica, na watu waliamkia pale kula taco, tortila zilizokunjwa na kujazwa nyama au mayai, kwa sababu ya mkono wake. Karatasi za kuishi nchini ndizo asizokuwa nazo.

"Mama, stoo ya baridi. Sasa hivi!"

"Na madonge yangu haya?"

"Mama!"

Bi Vica akaingia stoo na aproni yake, kati ya trei za mayai na ndoo za maharage. Nereida akafunga mlango, akashika mti wa kusukumia tortila.

Wakaingia wawili, bastola kiunoni. Mmoja alikuwa kijana, mgeni mtaani. Mwingine alikuwa mtu mzima, jina lake Cantú limeandikwa kifuani, mwenyeji wa palepale mtaani. Huyo ndiye aliyemtia Nereida hofu hasa, maana macho yake yalikwenda moja kwa moja dirishani. Waliagiza taco za viazi na mayai, na za nyama ya kichwa cha ng'ombe kwa vile ilikuwa Jumapili, siku inayopikwa.

Tatizo ni kwamba Nereida hakuwahi kujifunza. Kila akiitwa kufundishwa alisema kesho, mama si yupo? Sasa tortila zilimtoka na pembe, zimekauka kabla hazijaiva. Akazijaza hivyo hivyo, akazipeleka.

Ukumbi mzima ulijua Bi Vica yuko wapi. Watu walikula wameinamia sahani. Asiyejua alikuwa Mzee Wenceslao, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka msalani, masikio yake yamechoka lakini mdomo bado kijana. Akang'ata taco aliyoikuta mezani, ya mkono wa Nereida, akakunja uso, akainyanyua juu watu waione.

"Hii nini, soli ya kiatu? Huu si mkono wa Vica! Vica! Unaumwa?"

Cantú akaacha kutafuna.

"Amesafiri, mzee," Nereida akasema.

"Amesafiri lini? Si nimemsalimia hapo dirishani sasa hivi?"

Mtu akampiga teke chini ya meza. Mzee akageuka, akaziona bastola, akanywea kitini.

Cantú alimaliza taco yake taratibu, akalipa, wakatoka. Lakini gari lao jeupe halikuondoka. Lilivuka barabara tu, likakaa pale likinguruma.

Nereida alipofungua stoo, midomo ya mama yake ilikuwa imebadilika rangi. Mzee Wenceslao akaingia jikoni akilia waziwazi. "Nimekuuza, Vica. Nimekuuza kwa mdomo wangu huu."

"Acha kelele, mzee mjinga. Nipe koti, nakufa kwa baridi."

"Atokee nyuma?" Nereida akauliza.

"Huko ndiko wanakotarajia atokee," mzee akasema. "Atoke mbele, na mimi. Leo Jumapili, nani atamsimamisha mzee anayekwenda misa na mkewe?"

Wakamvika koti na kitambaa cha kichwa. Wakatoka wameshikana mikono. Nereida, pua kwenye kioo, akaona dirisha la gari jeupe likishuka, Cantú akisema neno, mama yake akisimama na kumjibu. Kisha mzee akamwingiza mama garini mwake, wakaondoka. Nereida akapiga simu.

"Mama! Alikuambia nini?"

"Kwamba tortila za leo hazikuwa zangu."

"Ukamjibu nini?"

"Ningekuacha usengenywe? Nikamwambia ni za binti yangu, bado anajifunza."

Nereida akatazama ng'ambo ya barabara. Gari jeupe halikuwepo.

"Mama, mwambie mzee atazame nyuma."

Akamsikia mzee akimwita Mama wa Mungu.

"Wako nyuma yetu," Bi Vica akasema. Sauti yake haikutetemeka. "Nereida, nisikilize. Maji yawe ya moto. Ya moto, si vuguvugu. Kanda mpaka unga uache kunata mkononi, kisha ufunike upumzike. Umesikia?"

"Mama, tafadhali, mama…"

"Rudia nilichosema."

"Maji ya moto," Nereida akasema, na nyuma ya pumzi za mama yake akasikia king'ora.